Word, Markdown au XML: ipi umpe mwandishi wa mwongozo ambaye si mtu wa IT

Kila nikiulizwa hapa Mwanza "tutumie programu gani kuandikia mwongozo wetu" mi huwa narudisha swali, anayeandika ni nani? Maana mwongozo wa kukausha dagaa anaujua mama ambaye ameanika dagaa Kirumba miaka nenda rudi, mwongozo wa injini ya boti anaujua fundi wa pale mwaloni, na taratibu za usafi za kiwanda cha minofu ya sangara anazijua msimamizi wa zamu anayevaa gambuti kuanzia alfajiri. Hao ndo waandishi wenyewe. Sasa ukimpa mtu kama huyo programu inayomtaka akumbuke alama za ajabu kila mstari ataachia hapohapo, atakurekodia voisi ya WhatsApp akwambie "we andika tu", na kuanzia hapo mwongozo unakuwa wa yule anayenakili, sio wa yule anayeijua kazi.

Ila ukimwachia aandike anavyotaka nako kuna gharama. Kichwa cha habari kimepakwa nyekundu na kuongezwa saizi kwa mkono, namba za hatua zimechapwa kwa kidole moja baada ya nyingine, tahadhari iko kwenye boksi alilochora mwenyewe, ukifungua kwenye simu boksi limehamia ukurasa mwingine, ukiongeza hatua katikati inabidi ubadilishe namba zote mpaka chini. Kompyuta haijui kwamba ule mstari ni kichwa, inajua tu kwamba ni mwekundu. Kuandika kwa muundo ni kuiambia kompyuta kitu hiki ni nini, hiki ni kichwa, hii ni hatua, hii ni tahadhari, halafu rangi na saizi ikajipangie yenyewe. Na kwa huku kwetu hili sio jambo la urembo, wenye umri watakumbuka jinsi Ulaya ilivyofungia samaki wa Ziwa Victoria kwa vipindi kati ya 1997 na 1999, tangu hapo karatasi za usafi na usalama wa samaki zinakaguliwa kweli, na karatasi ambayo hatua ya 5 imejirudia mara mbili inamsumbua kila mtu.

Nitazilinganisha hizi programu kwa ukurasa mmoja tu, ule wa kuanika dagaa. Una hatua: osha kwa maji safi, pitisha kwenye maji ya chumvi, chuja, tandaza kwenye chanja bila kurundika, geuza. Kati ya kuchuja na kutandaza kuna tahadhari: usianike chini kwenye mchanga wala juu ya mawe yenye kinyesi cha ndege. Mtihani ni kwamba mwandishi aweze kuongeza hatua katikati, tahadhari ikae kati ya hatua mbili bila kuvuruga namba, aweze kuhamisha sehemu nzima kwenda mbele, na tahadhari ileile itumike kwenye miongozo mingine bila kukopi na kupesti. Yoyote unayofikiria kuichukua ipitishe hapo kwanza, tena umkalishe mwandishi mwenyewe kwenye kiti, usimuonyeshe wewe.

Word na LibreOffice Writer

Naanza na hizi kwa sababu watu wengi wanazo tayari, na kiukweli wengi hawajui kwamba ndani yake kuna muundo umelala. Faili la docx au odt ukilifungua kwa ndani ni furushi la zipu lenye XML, yaani maandishi yaliyozungushiwa alama (tagi) zinazosema kila kipande ni nini, docx imekuwa ndo faili la kawaida la Word tangu toleo la 2007. Kwa hiyo mtu anaposema "sisi hatutumii XML" anaitumia kila siku, ila haimsaidii kwa sababu hajagusa staili, yale majina ya kimuundo unayoipa aya, kama kichwa au hatua.

Mpe mama wa dagaa templeti yenye staili chache zenye majina anayoyaelewa, Kichwa Kikubwa, Kichwa Kidogo, Hatua, Tahadhari, Maelezo, basi, usizidishe. Anaandika sentensi, anabonyeza Tahadhari, inakuwa na boksi na rangi yake. Hatua ukiiongeza katikati namba zinajipanga. Kuhamisha sehemu nzima ni rahisi mno, kwenye Word unafungua paneli ya vichwa pembeni unakivuta kichwa juu au chini na maneno yake yote yanakifuata, kwenye Writer unabonyeza F5 unafanya hivyohivyo. Hii ndo sehemu ambayo huwa naona macho ya mtu yanafunguka, maana alizoea kubluu kurasa tatu na kukata.

Udhaifu wake ni kwamba haikukatazi. Templeti iko hapo, lakini vitufe vya rangi na boldi navyo viko palepale juu, na mazoea yana nguvu. Word ina sehemu ya kuzuia uhariri ambapo unaweza kuwabana watu watumie staili ulizoruhusu tu, na mi nashauri uiwashe kabla hujagawa faili, sio baada ya vurugu. Writer nayo kuanzia toleo la 7.6 la 2023 ina kitu kinaitwa Spotlight kwenye paneli ya staili, ukikiwasha kila aya inapata rangi ya staili yake na palipopakwa urembo kwa mkono panajionyesha, kwa hiyo anayekagua hahitaji kubahatisha. Na kupesti kutoka WhatsApp au tovuti iwe ni maandishi matupu siku zote, hilo lifundishe siku ya kwanza kabisa kwa sababu uchafu mwingi unaingilia hapo.

Kuna mambo mawili madogo ambayo kwa huku ni makubwa. La kwanza Kiswahili: LibreOffice inakuja na kamusi ya Kiswahili cha Tanzania ya kukagua tahajia, na Word nayo inakubali Kiswahili ukiweka lugha vizuri, ila usipoweka ukurasa mzima unajaa mistari myekundu na mwandishi anaanza kuona amekosea kila neno, nimeona watu wakikata tamaa kwa hiyo mistari tu. La pili umeme: zote mbili kwa kawaida zinatunza nakala ya dharura kila dakika 10, ingia kwenye mipangilio uishushe ziwe 2 au 3, maana kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS dakika 10 za mtu anayechapa kwa vidole viwili ni aya nzima aliyoitolea jasho.

Google Docs

Hapa nitakuwa mfupi. Kufanya kazi pamoja hakuna inayoifikia, mmoja yuko Nyegezi, mwingine Sengerema, mwingine Nansio, wote ndani ya faili moja, hakuna ile ya "MWONGOZO MPYA KABISA 3" kuzunguka kwenye magrupu. Anayekagua anaweka mapendekezo, mwandishi anakubali au anakataa. Tangu 2024 unaweza hata kuingiza na kutoa faili la Markdown, ambayo naieleza hapo chini.

Shida yake kwa kazi hii ni moja lakini ni nzito, huwezi kutengeneza staili yako mwenyewe yenye jina lako. Kuna vichwa vya ngazi 6, kichwa cha juu, kichwa kidogo, na maandishi ya kawaida, imeishia hapo. Tahadhari haina nyumba. Watu wanaishia kuchora jedwali la seli moja wanalipaka njano, na tumesharudi kulekule kwenye rangi isiyo na maana. Halafu bando, ipo njia ya kufanya kazi bila intaneti lakini lazima uiwashe mapema kwenye kivinjari, na mtu anayekwenda kisiwani wiki nzima anakumbuka akiwa tayari ndani ya boti. Mi naitumia kwa rasimu na makubaliano, sio kutunzia mwongozo uliokamilika.

Markdown na programu zake

Markdown aliitoa John Gruber mwaka 2004, na wazo lake ni kwamba maandishi yasomeke hata kabla ya kupambwa. Alama ya reli (#) mwanzo wa mstari ni kichwa, namba na nukta ni hatua, kistari ni orodha. Faili ni dogo sana, linafunguka kwenye simu yoyote, linapita WhatsApp bila kuharibika, na halina namna ya kubeba uchafu wa fonti na rangi. Kwa watu wetu ambao wengi wanaandika kwa simu kuliko laptopu hilo ni jambo kubwa.

Tena watu wengi wameshaanza kuizoea bila kujua. Mtu anayeweka nyota mbele na nyuma ya neno kwenye WhatsApp ili liwe boldi, au anayeanza mstari kwa kistari ili iwe orodha, huyo tayari anaandika kwa alama. Ila hapa ndo penye mtego, na usipomwambia mapema atachanganyikiwa: nyota moja WhatsApp ni boldi, nyota moja Markdown ni maandishi ya mlalo, boldi ya Markdown inataka nyota mbili kila upande. Ameandika *HATARI* kwa nia ya kumshtua msomaji, kwenye PDF inatoka neno limeinama kwa unyenyekevu. Kwa tahadhari ya injini ya boti hiyo tofauti inaumiza.

Sasa turudi kwenye dagaa wetu. Kuongeza hatua, safi kabisa, hata ukiandika 1. kwenye kila mstari inajihesabia yenyewe. Kuhamisha sehemu, unakata na kupesti, inavumilika. Tahadhari kati ya hatua mbili ndo inapokwama. Markdown ya kawaida haina kitu kinachoitwa tahadhari, watu wanatumia alama ya nukuu ile ya > halafu wanaandika Tahadhari kwa boldi. Na hiyo nukuu lazima uisogeze ndani kwa nafasi, kwa hatua ya "3." nafasi 3 mbele, ili ihesabike iko ndani ya hatua. Usiposogeza, orodha inakatika hapo, programu nyingine itaendelea na 4, nyingine itaanza upya na 1, inategemea ipi inasoma faili lako. Sasa jaribu kumweleza mtu mzima aliyefanya kazi yake vizuri miaka 20 kwamba nafasi tatu asizoziona zimegeuza hatua ya kutandaza ikawa hatua ya kwanza. Anayo haki ya kukasirika. Majedwali nayo usiyaguse kama yana seli zilizounganishwa, haiwezi.

Programu ya kuandikia inapunguza haya maumivu. Typora inaficha alama, unaandika unaona matokeo palepale, orodha unaisogeza ndani kwa kitufe cha Tab badala ya kuhesabu nafasi, ila ni ya kulipia tangu toleo la 1.0 la 2021, karibu dola 15, na ni ya kompyuta. Zettlr ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, nzuri kwa mwenye subira kidogo. Kwenye simu ya Android kuna Markor, nyepesi, bure, na mafaili yanakaa kwenye simu yako yenyewe. Kama kundi lako ni vijana wa chuo wanaoandika kwa simu na miongozo ni mifupi, mi ningeenda huku bila kusita. Kama ni taratibu za kiwanda zenye tahadhari kila baada ya hatua mbili, hapana.

AsciiDoc, lugha nyingine ya alama kama Markdown, inajaribu kuziba hilo pengo, unaandika WARNING na nuktambili mwanzoni mwa aya inakuwa tahadhari halisi, na kama lugha naiheshimu sana, lakini programu zake za kuandika huku ukiona matokeo moja kwa moja ni chache na mtu asiye wa IT ataishia kwenye skrini ya kifundi. Programu ya LyX ni ya bure na inakuzuia vizuri usicheze na urembo, ila imejengwa kwa ajili ya watu wa tasnifu na hesabu, mpeleke mwanafunzi wa SAUT huko, sio fundi injini.

XML yenyewe: DITA na DocBook

XML ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998, na juu yake wakajenga kanuni za kuandikia nyaraka. DocBook ni ya tangu 1991, yaani ni ya zamani kuliko XML yenyewe na ilihamia XML baadaye, ilianzia kwenye vitabu vya kompyuta. DITA ilitoka IBM na ikapitishwa na OASIS, shirika jingine la viwango, mwaka 2005, na hii ndo imetengenezwa kabisa kwa ajili ya miongozo. Inagawa maandishi katika aina, kuna ukurasa wa dhana, ukurasa wa kazi, ukurasa wa rejea. Ukurasa wa kazi una mahali pa mahitaji ya mwanzo, mahali pa hatua, mahali pa matokeo, na kila hatua lazima iwe na amri yake, yaani ile sentensi ya kumwambia mtu afanye nini. Hadithi ndefu haiingii mahali pa amri, ina mahali pake.

Usimpe mtu hiyo XML mbichi kwenye notipadi, hilo sitalijadili. Mpe mhariri, yaani programu ya kuandikia, unaoficha tagi. Wawili wanaojulikana zaidi ni oXygen XML Author, unaotengenezwa Craiova kule Romania, na XMLmind XML Editor kutoka Ufaransa. Kwa nje zote zinafanana na Word, unaona vichwa na hatua na maboksi. Tofauti unaiona ukibonyeza Enter. Uko kwenye hatua ya 3, unabonyeza Enter, oXygen inakuletea orodha ndogo ya vitu vinavyoruhusiwa mahali hapo tu, hatua mpya, maelezo, tahadhari, matokeo ya hatua. Kichwa hakimo kwenye orodha kwa sababu kichwa hakiruhusiwi ndani ya hatua. Ni vigumu mwandishi kuvunja ukurasa, na akikosea mstari mwekundu unaonyesha wapi. Mtu mwoga wa kompyuta wakati mwingine anaipenda hii kuliko Word, kwa sababu machaguo ni machache na hayana madhara, hilo lilinishangaza mwanzoni lakini ukilifikiria linaeleweka.

Na ule mtihani wa nne, tahadhari moja kwenye miongozo mingi, hapa ndo hakuna mpinzani. Tahadhari ya kutoanika chini unaiandika mara moja, miongozo ya Kirumba, Ukerewe na Musoma inaivuta kutoka hapo. Ukibadilisha neno moja linabadilika kote. Unaweza pia kuweka alama kwamba aya hii ni ya msimamizi na hii ni ya mfanyakazi, ukatoa PDF mbili kwa faili moja kwa kutumia DITA Open Toolkit ambayo ni ya bure. Kiwanda chenye taratibu mia na kitu, ambapo maelezo ya kunawa mikono yamerudiwa kwenye kila karatasi kwa maneno tofauti kidogo, hiki ndo kinachohitajika hasa.

Bei sasa. oXygen Author ni mamia ya dola kwa mtu mmoja, inatoa majaribio ya siku 30, zitumie zote kabla ya kulipa. Zote mbili haziji na menyu za Kiswahili, na laptopu ya RAM ndogo italalamika. Lakini kuna kitu watu hawakijui, kinachoonekana kwenye skrini ya mwandishi kinatawaliwa na CSS, yaani faili la kupanga muonekano, kwa hiyo fundi akitulia siku moja anaweza kufanya mwandishi aone "Mahitaji", "Hatua", "Tahadhari", "Matokeo" kwa Kiswahili safi huku chini yake DITA iko vilevile. Kama fundi wako hayuko tayari kufanya hiyo kazi usinunue, maana mwandishi ataachwa na majina ya Kiingereza ya kifundi na atarudi kwenye Word ndani ya wiki.

Mi ningechagua hivi

Kikundi cha watu wachache, miongozo haizidi kumi, printa ipo, kompyuta moja: LibreOffice na templeti yenye staili tano, mmoja wenu ashike Spotlight kama mkaguzi. Hii inatosha watu wengi kuliko wanavyodhani na haina gharama ya laisensi. Ofisi ambayo tayari ina Word, Word hiyohiyo lakini imefungwa staili. Watu waliotawanyika visiwani wenye simu tu, Markdown, kwa sharti kwamba tahadhari zote ziwekwe kabla ya hatua ya kwanza, zisiingie katikati, hapo ule mtego wa nafasi unauepuka kabisa. XML nendeni pale tu ambapo aya zilezile zinajirudia kwenye nyaraka nyingi NA kuna mtu anayelipwa kuzitunza. Vyote viwili. Nimeona ofisi ikinunua mhariri wa bei kwa sababu ya aya zinazojirudia, aliyekuwa anazitunza akahama, waliobaki wakawa wanafungua yale mafaili kama watu wanaogopa kuvunja kitu.

Na usiache kumuuliza mwandishi anasomaje. Wengine wanataka kuona ukurasa kama utakavyotoka kwenye printa, hao Markdown yenye alama wazi itawatesa hata kama ni rahisi kwako. Wengine, hasa vijana, ukurasa hauwahusu kabisa, wanafikiria skrini ya simu.

Kama tayari una lundo la mafaili ya zamani usianze kuyachapa upya. Pandoc, ya bure, ya John MacFarlane tangu 2006, inabadilisha docx kwenda Markdown au DocBook kwa amri moja, inafanyika kwenye kompyuta ya fundi, mwandishi hahusiki. Ila inachosoma ni staili. Faili lililotumia staili linatoka limepangika, lile la rangi na saizi za mkono linatoka aya tupu mwanzo mwisho bila kichwa hata kimoja. Kwa hiyo hata ambaye hajaamua aende wapi, kazi ya kupitia mafaili na kuweka staili kwenye vichwa, hatua na tahadhari anaweza kuianza leo kwenye Word aliyonayo, na popote atakapoamua kuhamia mbele ya safari hiyo kazi haitapotea.